Skani ya Utumbo Mpana: Hatari Ziko Wapi Hasa?

Katika mabaraza ya afya mashinani, swali kuhusu saratani ya utumbo mpana huja karibu kila mara kwa sura ileile. Mtu husimama, mara nyingi mzee, na kusema amesikia kuna kipimo cha kujazwa hewa tumboni kisha kupigwa picha. Anauliza: hiyo hewa haiwezi kupasua utumbo? Na ile miale ya mashine, si ndiyo inayoleta saratani hiyo hiyo tunayoitafuta?

Ni maswali ya haki kabisa. Mgonjwa mwenye maumivu huwa tayari kuvumilia hatari fulani ili apone. Anayealikwa kwenda kuchunguzwa hana maumivu yoyote. Anaombwa akubali kipimo akiwa mzima, na ana kila sababu ya kutaka kujua anaweza kupoteza nini. Jibu kwa ufupi ni kwamba utumbo kutoboka hutokea kwa nadra sana na miale yenyewe ni kidogo. Jambo linalowasumbua watu wengi zaidi ni lile ambalo ni nadra mtu kuliuliza barazani: dawa ya kuharisha inayonywewa nyumbani usiku wa kuamkia kipimo.

KIPIMO CHENYEWE

Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo. Wataalamu hukiita polipu. Vinyama vingi havigeuki kuwa saratani, na vile vinavyogeuka huchukua miaka mingi, mara nyingi 10 au zaidi. Muda huo mrefu ndio unaoupa uchunguzi wa mapema maana yake, kwa sababu kinyama kikiondolewa, saratani ambayo ingetokana nacho haitokei tena.

Njia rahisi ya kuanza ni kupima kinyesi kuona kama kina damu isiyoonekana kwa macho. Kipimo hicho huitwa FIT. Njia nyingine ni kolonoskopi, ambapo daktari huingiza mrija mrefu wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa na, akikuta kinyama, hukikata papo hapo. Ya tatu ndiyo inayozungumziwa hapa, skani ya CT ya utumbo mpana, ambayo daktari Mmarekani David Vining aliitambulisha mwaka 1994.

Katika skani hiyo mtu hulala kwenye meza ya mashine. Mrija mfupi na laini huingizwa sentimita chache tu, kisha gesi hupulizwa polepole ili utumbo, ambao kwa kawaida umelala kama mfuko mtupu, ujae na kunyooka. Mashine hupiga picha akiwa amelala chali, halafu akiwa kifudifudi, na kompyuta huziunganisha picha hizo hadi daktari aweze kuukagua utumbo kutoka ndani kwenye kioo chake. Muda wa mezani kwa kawaida hauzidi nusu saa. Hakuna dawa ya usingizi, kwa hivyo mtu huamka, akavaa na kwenda zake.

Skani hii huona vizuri, ingawa haioni kila kitu. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha zaidi ya watu 2,500, iligundua takriban watu 9 kati ya 10 waliokuwa na vinyama vya milimita 10 au zaidi. Vidogo kuliko hapo hukosa kuonekana mara nyingi zaidi, na vile vilivyolala bapa kwenye ukuta wa utumbo ndivyo vigumu kuliko vyote. Tena skani huona tu, haikati. Tutalirudia jambo hilo.

JE, HEWA INAWEZA KUPASUA UTUMBO?

Inaweza. Mwaka 2014 ilichapishwa tathmini iliyokusanya matokeo ya watu zaidi ya 100,000 waliofanyiwa skani hii. Waliotoboka utumbo walikuwa 28. Waliohitaji kufanyiwa upasuaji kwa sababu hiyo walikuwa takriban mtu 1 kati ya 12,500. Wengine walitibiwa bila kisu. Hakuna kifo kilichoripotiwa kutokana na kipimo chenyewe.

Katika hesabu hiyo kuna tofauti ambayo msomaji asiipite haraka. Waliotoboka wengi walikuwa watu waliokwenda kupimwa wakiwa tayari na dalili za ugonjwa. Kwa watu wazima wasio na dalili, hatari ilikuwa ndogo zaidi. Utumbo wenye jeraha, uliovimba au ulioziba nusu una ukuta dhaifu, na gesi ikisukumwa, ukuta hupasuka pale palipo dhaifu. Ndiyo maana daktari makini hawezi kukuandikia kipimo hiki bila kukuhoji kwanza kama umewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo hivi karibuni, kama una ngiri yenye utumbo ndani yake, au kama una maumivu makali na homa. Aliyekatwa kipande cha utumbo kwa uchunguzi wa maabara siku chache zilizopita pia huambiwa asubiri.

Aina ya gesi nayo ina maana. Vituo vingi vinavyofanya kazi hii mara kwa mara hutumia kaboni dayoksaidi inayopulizwa na mashine inayojipima yenyewe na kusimama shinikizo likizidi kiwango. Gesi hiyo hufyonzwa na mwili na kutoka kwa pumzi, kwa hivyo tumbo hutulia mapema. Hewa ya kawaida inayosukumwa kwa mkono hukaa tumboni kwa muda mrefu na huacha msokoto. Si utovu wa adabu kumuuliza mhudumu atatumia gesi gani. Yeye hulisikia swali hilo mara nyingi kuliko unavyodhani.

Kwa kulinganisha, tathmini ya jopo la kitaalamu la Marekani ya mwaka 2021 ilikadiria kuwa kati ya watu 10,000 wanaofanyiwa kolonoskopi ya uchunguzi, takriban 3 hutoboka utumbo na takriban 15 hutokwa na damu nyingi. Hatari hiyo hupanda umri unavyosonga. Takwimu hizi zisichukuliwe kama mashindano kati ya vipimo viwili: sehemu ya damu hiyo hutokana na kukata vinyama, yaani ile kazi ambayo skani haiwezi kuifanya.

Madhara madogo hutokea mara nyingi zaidi. Tumbo hujaa na kusokota. Wachache huhisi kizunguzungu au kuzimia kwa muda mfupi gesi inapoingia. Baadhi hudungwa sindano ya kulegeza utumbo, ambayo wengi huijua kwa jina la Buscopan; sindano hiyo hukausha mdomo, huenda mbio za moyo zikaongezeka na macho yakawa na ukungu kwa muda. Mwenye glakoma au ugonjwa wa moyo aseme kabla hajadungwa. Mwendesha boda boda asipande pikipiki hadi aone sawasawa, na jicho likianza kuuma sana baadaye, arudi hospitalini siku hiyo hiyo.

MIALE

Miale ya skani hii hukadiriwa kuwa kati ya milisiveti 0.8 na 5.3 kwa kipimo kimoja, kulingana na mashine na jinsi ilivyopangwa. Mtu wa kawaida duniani hupokea takriban milisiveti 2.4 kila mwaka kutoka kwa mawe, udongo, hewa na anga, bila kuingia hospitali yoyote. Sisi Wakenya tuna mfano wetu: Kilima cha Mrima katika Kaunti ya Kwale kinajulikana na wanasayansi kwa miale ya asili iliyo juu kuliko kawaida, kwa sababu ya madini yaliyo kwenye miamba yake.

Miale ya kiwango hicho haiwezi kuhesabiwa kuwa sifuri, ila nyongeza yake ya hatari kwa mtu wa miaka 50 ni ndogo sana. Kwa kijana ni kubwa kidogo, kwa kuwa ana miaka mingi mbele yake, na kwa mwanamke mjamzito kipimo hiki huahirishwa. Ndiyo sababu mtu ambaye skani yake haikuonyesha kitu kwa kawaida hupewa nafasi ya miaka 5 kabla ya kurudia, na ndiyo sababu haifai kuifanya kwa udadisi tu. Kisheria, kituo chochote kinachotumia mashine za miale kinapaswa kuwa na leseni ya mamlaka ya kudhibiti nyuklia, KNRA.

USIKU WA DAWA YA KUHARISHA

Skani haiwezi kutofautisha kinyama na kinyesi kilichoganda kwenye ukuta, kwa hivyo utumbo husafishwa kwanza. Siku moja au mbili kabla, mtu huacha vyakula vyenye makapi mengi: githeri, maharagwe, sukuma wiki, mahindi ya kuchoma, mapera na matunda ya pasheni yenye mbegu. Wali mweupe, mkate mweupe na mayai huruhusiwa. Kisha huja siku ya maji matupu, yaani maji safi, supu iliyochujwa na chai ya rangi. Jioni hunywewa dawa ya kuharisha, na mara nyingi pia dawa inayotia alama mabaki ya kinyesi ili yatambulike kwenye picha.

Hapa ndipo watu wengi zaidi huumia. Mwili hupoteza maji na chumvi kwa saa kadhaa mfululizo. Kijana mwenye afya huchoka tu. Mzee wa miaka 70 anayetumia vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo huweza kushuka presha, akasimama saa nane usiku kwenda choo kilicho nje ya nyumba, akaanguka na kuvunjika nyonga. Anguko kama hilo huwezi kulikuta kwenye orodha ya watu waliotoboka utumbo, lakini lingezuilika kwa tochi, ndoo chumbani na mtu wa kulala karibu. Anayejiandaa kwa kipimo hiki asilale peke yake usiku huo.

Figo ndizo za kuangaliwa zaidi. Desemba 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kuhusu dawa za kuharisha zenye sodiamu fosfeti baada ya ripoti za watu walioharibika figo. Waliokuwa hatarini zaidi ni wazee, wenye ugonjwa wa figo au moyo, na watumiaji wa baadhi ya dawa za presha au za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Chumvi ya haluli inayouzwa dukani ina magnesiamu, nayo humkusanyikia mwilini mtu mwenye figo dhaifu. Kuna dawa nyingine, za unga unaochanganywa na maji mengi, ambazo hazivurugi chumvi za mwili kwa kiwango hicho. Uchaguzi ni wa daktari, baada ya kuangalia figo zako. Usijinunulie dawa ya kuharisha kwa ushauri wa jirani aliyewahi kupimwa, hata kama yeye ilimfaa.

Mwenye kisukari ana tatizo lake. Akimeza glibenklamaidi au kujidunga insulini kama kawaida huku hajala, sukari itashuka. Akiacha dawa zote kwa hofu, itapanda. Dozi ya siku hizo mbili hupangwa na kliniki yake, kwa maandishi, na ni vyema aombe nafasi ya kupimwa asubuhi na mapema asikae na njaa hadi alasiri. Awe na glukosi karibu. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama wafarini, asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Tatizo ni kwamba wengi hatujui tunatumia dawa gani. Nilipomwomba mama yangu anitajie dawa zake, alinitajia tatu, za presha na sukari. Ya nne, ya maumivu ya magoti, ilikuwa mkobani mwake. Hakuihesabu kuwa dawa kwa sababu alijinunulia mwenyewe. Kwa figo zake, hiyo ya nne ndiyo ingekuwa na uzito. Ushauri wa wahudumu ni kubeba mfuko mzima, pamoja na dawa za miti shamba, na kuumwaga mezani mbele ya daktari.

Kuna pia suala la umbali, ambalo vijitabu kutoka nje ya nchi hayawezi kulijua. Huwezi kunywa dawa hii kijijini kisha upande matatu ya saa tatu. Kama una ndugu anayeishi karibu na hospitali, lala kwake. Kama huna, mweleze muuguzi unapopewa tarehe, ili mipango ifanywe mapema badala ya kukosa kipimo ukiwa njiani.

PICHA IKIONYESHA KITU

Tuliacha pale tuliposema skani haikati. Kinyama cha kutosha kikionekana, unahitaji kolonoskopi, na hatari za kolonoskopi zinaongezeka juu ya zile ulizokwisha kupitia. Mara nyingi hilo humaanisha kunywa dawa ya kuharisha mara ya pili. Ni muhimu mtu alijue hili kabla ya kuchagua. Anayekubali skani huku ameapa kuwa hatafanyiwa kolonoskopi kamwe anajiletea miale na usiku wa mateso bila faida. Hali ni hiyo hiyo kwa FIT: damu ikipatikana, hatua inayofuata ni kolonoskopi, wala si kurudia FIT ukitumaini jibu jingine.

Jingine ni kwamba mashine hupiga picha tumbo zima. Huona figo, ini, mishipa mikubwa, mifupa na sehemu ya chini ya mapafu. Kulingana na tafiti, kati ya mtu 1 na watu 11 kwa kila 100 hukutwa na jambo nje ya utumbo linalohitaji kufuatiliwa. Wachache wao huokolewa, kwa mfano aliyekutwa na mshipa mkuu wa damu uliotanuka au uvimbe wa figo usio na dalili. Wengi huishia kuambiwa kuwa ni kifuko cha maji kwenye ini ambacho wangeishi nacho hadi uzee, baada ya wiki za wasiwasi na gharama za vipimo vingine. Sioni kama ni sababu ya kukataa kipimo, lakini ni gharama halisi na familia inafaa iizungumze kabla.

KAMA TAYARI UNA DALILI

Yote yaliyoandikwa hapo juu yanamhusu mtu asiye na dalili. Mwongozo wa kitaifa wa uchunguzi wa saratani wa mwaka 2018 unaelekeza watu wasio na hatari ya ziada waanze kuchunguzwa utumbo mpana wakiwa na miaka 45 hadi 75. Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyewahi kuugua huanza mapema zaidi.

Anayeona damu kwenye kinyesi, aliyebadilika choo kwa wiki kadhaa, anayekonda bila sababu au anayeambiwa kila mara ana upungufu wa damu, huyo hahitaji kupima hatari za uchunguzi. Anahitaji kutafutiwa ugonjwa, sasa. Tunaona watu waliotibiwa amiba mara tatu na taifodi mara mbili, au waliopaka dawa ya bawasili mwaka mzima, kabla ya mtu yeyote kuwaelekeza kolonoskopi. Bawasili ni ugonjwa wa kawaida na huenda ikawa ndiyo kweli. Lakini ithibitishwe kwa kuangaliwa, hasa kama umepita miaka 45.

PA KUANZIA

Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe au na mhamasishaji wa afya wa kijiji chako, yule CHP anayetembelea nyumba yako. Si kila hospitali yenye mashine ya CT inafanya skani ya utumbo mpana, kwa kuwa inahitaji kifaa cha gesi, programu maalumu na daktari aliyefunzwa kusoma picha hizo, kwa hivyo usifunge safari kabla hujapewa barua ya rufaa inayotaja kituo. Hakikisha usajili wako wa SHA uko sawa, na uulize kabla ya siku ya kipimo ni sehemu gani ya gharama italipiwa na ni ipi utalipa mwenyewe. Beba kitambulisho, matokeo ya vipimo vya zamani vya figo kama unayo, na ule mfuko wa dawa.

Baada ya skani, tumbo kujaa na kutoa hewa kwa saa chache ni kawaida. Kula na unywe maji ya kutosha. Si kawaida maumivu kuzidi badala ya kupungua, tumbo kuwa gumu, kupata homa, kutapika, kutokwa na damu au kuhisi maumivu ya bega yasiyo na sababu. Vilevile si kawaida kukosa mkojo kwa saa nyingi au kuchanganyikiwa baada ya dawa ya kuharisha. Ukiona mojawapo ya hayo, usingoje asubuhi. Nenda kwenye idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, na neno la kwanza umwambie mhudumu ni kwamba umefanyiwa skani ya utumbo mpana, siku gani, na ulikunywa dawa ipi.